Chakubanga Avaapo Koti Jeupe

Yapo majina machache ya watu wa kubuni yaliyopata heshima ya kugeuka kuwa maneno ya kawaida katika lugha yetu. Chakubanga ni mmojawapo. Yeye hakuja na majahazi kama Abunuwasi, wala hadithi zake hazikusimuliwa na bibi kando ya moto. Alizaliwa katika miaka ya 1960 kwenye kurasa za gazeti la Uhuru, kwa mkono wa Christian Gregory, na kwa miaka mingi wasomaji walilifungua gazeti hilo wakimtafuta yeye kwanza na hotuba baadaye. Hatimaye watu wakawa husema "chakubanga" kwa maana ya mchoro wowote wa kuchekesha, hata uwe umechorwa na nani. Kisha likaja gazeti la Sani, ambalo jina lake lilifumwa kutokana na majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Na humo akachora marehemu Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 angali kijana, na ambaye jina la ukoo wake halihitaji maelezo kwa mtu yeyote wa Mbinga. Siku hizi vijana husema katuni au vibonzo. Mimi nitashika neno la zamani.

Nafanya kazi ya udaktari hapa Songea, na ni mchoraji wa kujifundisha mwenyewe. Kwa kazi ya kwanza napewa mshahara. Kwa ile ya pili nalipwa vicheko vya wauguzi wakati wa chai. Michoro yangu huanza nyuma ya karatasi zilizokwisha tumika, na ile inayofaa hubandikwa ubaoni, pale wagonjwa wanapokaa wakingoja zamu. Wapo wenzangu waonao kuwa mchezo huu haulingani na koti jeupe. Wasema kwamba maradhi si jambo la kuchekwa, na kwamba daktari akichekesha atapoteza heshima. Hoja yao si ya kupuuzwa, nami sitaipuuza. Ila nadhani imesahau kitu ambacho mababu zetu walikijua vizuri.

Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, wengi walielewa kwamba kinachofufuliwa ni ngoma. Hata leo, mtu wa Ruvuma akisikia neno utamaduni huona Lizombe ikichezwa, au Mganda kule Nyasa. Utani hutajwa kwa nadra, kwa kuwa hauna ngoma wala mavazi. Lakini ni nani asiyejua nguvu yake? Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na vita vile vikaacha nyuma yake, badala ya kisasi, ruhusa ya kutukanana kwa furaha. Mtani huja msibani, mahali ambapo sote tumeinama, akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, akadai deni ambalo halikuwapo, hata akatisha kuingia kaburini yeye kwanza. Waliofiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Hakuna asemaye kwamba mtani amekosa adabu. Yeye amepewa kibali cha kusema kile ambacho adabu imewafunga wengine wasikiseme.

Utani huo una sheria moja kali: atanie ataniwe. Mtu asiyekubali kutaniwa hana haki ya kutania. Huyo ni mtukanaji tu. Sheria hii ndiyo niliyoipeleka kwenye ubao wetu. Daktari na mgonjwa hawako sawa. Mmoja amekaa, mwingine amevuliwa shati; mmoja anajua majibu ya maabara, mwingine anasubiri kuambiwa. Daktari akimchora mgonjwa ili amcheke, atakuwa amempiga mtu aliyefungwa mikono. Kwa hiyo katika michoro yangu mwenye pua kubwa, mwenye tumbo, mwenye kutia mguu katika ndoo ya deki, sharti awe daktari.

Wala mambo ya kuchora si haba. Chukua jina letu lenyewe. Serikali yetu, katika kuchagua maneno, haikumwita mkubwa wa tiba kwa jina la kigeni. Ilimwita Mganga Mkuu wa Mkoa, na msimamizi wa kituo akawa Mganga Mfawidhi. Neno hilo hilo ni la yule mzee mwenye tunguri. Basi nikamchora mwananchi aliyetoka mbali, amesimama mbele ya mlango wenye kibao cha Mganga Mkuu, kwapani ana kuku mweusi, kwa maana ndivyo waganga waendewavyo. Ndani ya ofisi karani wa fedha, mtu wa taratibu, anaandika stakabadhi: "Kuku, mmoja, mweusi." Naye Mganga Mkuu ameshika shavu, anafikiri iwapo kuku huyo aingizwe kwenye hesabu za mwaka huu au za mwaka ujao.

Hapa yafaa niseme kwamba lipo jambo la dawa ambalo sijalichora, wala sitalichora. Mji wetu umeitwa kwa jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na Makumbusho ya Majimaji yapo papa hapa, mtaa wa Mahenge. Nimepata kuwasikia wageni wakiifanyia mzaha ile dawa ya maji ya Kinjikitile, kama kwamba watu wale walikuwa watoto. Maji yale hayakuzuia risasi. Lakini yaliwaunganisha watu wa makabila mengi ambao kabla ya hapo hawakuwa wamesimama pamoja. Mzaha huo hauna mtani wa kuujibu, maana walio na haki ya kuujibu wamelala pale Mahenge.

Mchoro uliopendwa kuliko yote ulihusu maneno matatu yanayoandikwa kila siku katika dirisha la dawa: kutwa mara tatu. Mzee mmoja katika mchoro huo amepewa vidonge saa kumi na mbili jioni. Anaviweka chini ya mto, analala na homa yake hadi asubuhi. Mkewe anapomwuliza, anajibu kwa utulivu wa mtu ajuaye lugha: "Daktari amesema kutwa. Hakusema kucha." Nawaomba walimu wa Kiswahili waniambie mzee huyu kakosa wapi. Kutwa ni tangu jua kuchomoza hadi kuchwa. Kwa usiku tuna neno jingine. Katika picha ya pili ya mchoro huo daktari amekaa darasani, dawati la mtoto linambana magoti, na mzee yule yu mbele na chaki mkononi. Baada ya hapo niliona baadhi ya watoa dawa wakianza kusema "kila baada ya saa nane", na wengine wakaongeza "usiku na mchana". Sijui kama ni kwa sababu ya mchoro. Napenda kuamini hivyo.

Picha ya kuchekesha yaweza pia kumwonyesha daktari hofu ambayo mgonjwa hatamwambia. Mwaka 1796 Edward Jenner wa Uingereza alionyesha kwamba ndui ya ng'ombe yaweza kumkinga mtu na ndui ya kweli. Mwaka 1802 mchoraji James Gillray akachapisha mchoro wa watu waliochanjwa: ng'ombe wadogo wanawaota puani, mikononi, na hata mdomoni. Mtu aweza kusema kuwa Gillray aliipinga sayansi. Mimi naona alichora kwa usahihi kile watu walichokiogopa, na daktari mwenye busara angeutundika mchoro ule ukutani kwake na kuuliza wagonjwa wake: je, na wewe wadhani utaota pembe? Ndui ilitangazwa kuwa imekwisha duniani mwaka 1980. Hofu ya sindano haikutangazwa kuwa imekwisha. Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua chanjo ya UVIKO-19 tarehe 28 Julai 2021, kwa kuchanjwa yeye mwenyewe hadharani, uvumi ulikuwa umekwisha tangulia. Ng'ombe wa Gillray alikuwa amerudi, ila amebadili rangi.

Taifa letu lilikwisha kujua thamani ya picha katika elimu ya afya. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vyenye michoro juu ya malaria, safura, kichocho na kifua kikuu, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Ilikuwa kazi kubwa. Hata hivyo, picha za namna ile zina tabia moja: daktari hakosi kamwe. Amesimama wima, kidole juu, na mwanakijiji anaitikia kwa kichwa. Picha hiyo hufundisha, ila haimpi mtu nafasi ya kujibu.

Nafasi hiyo niliiona ikitumika mara moja, nami nitaeleza kwa kirefu. Tanzania ina historia ya kujivunia katika vita dhidi ya kifua kikuu. Mpango wetu wa taifa ulianza mwaka 1977, akishiriki Dakta Karel Styblo, na namna ya kazi iliyojaribiwa hapa ndiyo iliyokuja kuenezwa ulimwenguni na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990. Msingi wake ni mgonjwa kumeza dawa zote, siku zote, hadi mwisho, mbele ya mtu anayemshuhudia. Akiacha katikati, vijidudu vilivyosalia hujifunza kuishi na dawa, na mara ya pili ugonjwa huwa mgumu. Sasa, moja ya dawa hizo, iitwayo rifampisini, hugeuza mkojo kuwa na rangi nyekundu ya machungwa. Haina madhara, ni rangi tu. Lakini mtu asiyejua huona damu.

Nikachora mwanajeshi mstaafu, mabega mapana, ametoka chooni macho yamemtoka. Amewaita wanawe wote na anawagawia mbuzi, maana anajua leo haamki. Pembeni amekaa daktari, mdomo wake umezibwa kwa plasta kubwa, na juu ya plasta limeandikwa neno moja: ADABU.

Mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa Iringa aliyeolewa huku kwetu, alisimama mbele ya ubao huo kwa muda mrefu. Alicheka hadi akakohoa. Kisha akanifuata mlangoni.

"Mwanangu daktari," akasema, "huyu mwenye kugawa mbuzi ni mimi."

Tukaketi. Ikadhihirika kwamba alikuwa ameacha kumeza dawa kwa siku nne; alizipokea nyumbani, akazificha kwenye upindo wa kanga. Alikuwa ameelezwa habari za mkojo siku ya kwanza, tena na kijana mwenye malezi mema. Kijana yule, kwa kuwa anaongea na mtu wa umri wa mama yake, na watu wengine wakisikia, alimwambia kwa heshima: "Haja ndogo yaweza kubadilika kidogo." Mama akaelewa kwamba atakwenda msalani mara nyingi zaidi. Alipoona wekundu, alijua kuwa dawa zinamuua, na kumwambia kijana wa watu jambo kama hilo asingeweza. Hakuna kati yao aliyekosa heshima. Heshima ndiyo iliyokaribia kumwua.

Nilimweleza kwa maneno ya wazi, na siku ile ile akaanza tena, binti yake akiwa shahidi. Alimaliza miezi yake sita, na siku zile nne zikafidiwa. Siku ya mwisho makohozi yake yalionekana safi, naye alikuwa amenenepa, amevaa kitenge kipya. Kabla ya kuondoka aliniita tena mbele ya ubao.

"Mwanangu," akasema, "mimi ni Mhehe, nawe ni Mngoni, basi nina haki yangu. Huyo anayelia uliyemchora ni wa kwenu. Mhehe asingegawa mbuzi kabla hajafa."

Nikamwambia ni kweli. Mhehe angewala wote kwanza, ndipo aje hospitali kulalamika tumbo.

Akanichapa begani kwa kile cheti chake cha kumaliza dawa, akaenda zake stendi akicheka.