Mbegu Ilisafiri, Jiko Likabaki

Kazi yangu ni mbegu za mahindi. Nimezifanyia majaribio Mbozi, Rungwe na maeneo ya Uyole, na kwa miaka mingi swali langu la kwanza kwa mkulima lilikuwa moja: umepata magunia mangapi kwa ekari? La pili lilihusu siku za kukomaa, la tatu ugonjwa wa milia. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo na fomu zetu zilivyopangwa. Maswali hayo nayaheshimu hadi leo, kwa sababu mkulima aliyeambulia magunia sita kwenye ekari nzima ana haki ya kutaka mbegu itakayompa kumi na tano. Lakini siku hizi nina swali jingine ninalolitanguliza, na hilo sikulipata darasani. Nilipewa sokoni, katika jiji la Mexico, na muuza nafaka ambaye hakujua mimi ni nani wala nafanya kazi gani. Wenzangu wameniuliza mara nyingi nini kilinibadilisha. Ushuhuda wangu ndio huu.

Nilikwenda Mexico kwa mafunzo katika kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, kilichopo El Batán karibu na Texcoco. Kwa mtu wa fani yangu, hapo ni mahali pa kuvua viatu. Kwenye vyumba vyake vya baridi zimehifadhiwa sampuli zaidi ya 28,000 za mahindi, na nchi iliyokizunguka ndiyo iliyoyazaa mahindi yenyewe. Yapata miaka 9,000 iliyopita, watu wa bonde la mto Balsas, kusini mwa Mexico, walianza kuchagua mbegu za nyasi inayoitwa teosinte, yenye punje chache ngumu kama kokoto, na kizazi baada ya kizazi wakaifanya gunzi tunalolijua. Nilizitazama rafu zile kwa heshima kubwa. Hata hivyo kila pakiti ilikuwa na namba, mahali ilipotoka na mwaka, basi. Ilipikwaje huko ilikotoka, hapakuwa na nafasi ya kuandika.

Siku ya mapumziko tulichanga fedha, mimi na wenzangu kutoka Kenya na Ethiopia, tukamlipa mwenyeji mmoja atutembeze masokoni na kutuonjesha vyakula. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa mitaa ya hapo hapo, na kila kibanda alijua jina la mwenye nacho na la mama yake. Alianza kwa kutupa onyo: msile mkashiba mahali pamoja, safari ni ndefu.

Alitupeleka La Merced. Ukitoka kwenye treni ya chini ya ardhi, ngazi zinakutoa ndani ya soko lenyewe, katikati ya vitunguu na pilipili. Jengo la sasa lilichorwa na msanifu Enrique del Moral na kufunguliwa mwaka 1957, lakini biashara ya eneo lile ni ya kale mno, tangu mitumbwi ilipokuwa ikileta mboga kwa mifereji kutoka bustani za majini za Xochimilco. Mwaka 2013 moto uliteketeza sehemu kubwa ya jengo kuu. Aliyeiona Kariakoo baada ya Julai 2021 anajua wachuuzi hufanya nini kesho yake: hutandika turubai nje na kuendelea kuuza. Ndivyo walivyofanya na wa La Merced.

Nilichokiona mle kilinishangaza kwa namna kilivyofanana na nyumbani. Mchicha ulikuwepo, umefungwa mafungu. Maua ya maboga yalikuwepo. Dagaa wakavu, wao huwaita charales, walikuwa wamerundikwa kwenye masinia. Majani mapana ya mpungate yalipangwa kwa duara, moja juu ya jingine, mpaka yakawa minara inayonifika kifuani, na pembeni akina mama walikuwa wakiyaparua miiba kwa visu haraka kiasi kwamba jicho halifuati. Kulikuwa na panzi wa Oaxaca waliokaangwa kwa chumvi, vitunguu saumu na ndimu. Mwethiopia alisita. Mimi nimewahi kufanya kazi Bukoba, nikachota kiganja kizima. Si senene, senene wana mafuta zaidi na utamu wao ni mwingine, lakini Mhaya asingeona haya kuwaweka mezani.

Kisha tukafika kwenye magunzi yaliyovimba, punje zake zimefura na kuwa mafundo ya kijivu yenye weusi ndani. Mkenya akanishika mkono.

"Dada, hii si ni ile tunayowaambia wakulima wachome?"

"Ndiyo hiyo, kaka," nikamwambia. "Fugwe."

Wao huiita huitlacoche, na gunzi lenye kuvu hii huuzwa kwa bei kubwa kuliko gunzi safi. Mwenyeji wetu alituagizia ikiwa imekaangwa na vitunguu, ndani ya tortilla iliyokunjwa. Ina ladha ya uyoga, kisha kwa mbali unasikia utamu wa hindi bichi. Simwambii mkulima wa Mbozi aanze kupika fugwe yake: kuvu wanaoshambulia mahindi ni wa aina mbalimbali, na huyu wa Mexico, Ustilago maydis, wao wamemjua kwa karne nyingi. Nilichojifunza ni kwamba kitu tulichokiandika kwenye safu ya "hasara" wenzetu wamekiandika kwenye safu ya "chakula", na ni kwa sababu mpishi aliulizwa.

Tukaingia kwa muuza nafaka. Magunia yalikuwa wazi: mahindi meupe, ya njano, mekundu yaliyoiva kama damu ya mzee, ya buluu inayokaribia weusi. Nilichukua punje kubwa nyeupe, pana, karibu ukubwa wa kucha ya kidole gumba, nikaiuma kwa desturi ya kazi. Laini, unga mtupu. Moyoni nilishaihukumu: hii fukusi wataimaliza ghalani. Nikamwomba mwenyeji aniulizie bei na ekari moja inatoa kiasi gani. Yule mzee hakujibu bei. Aliniuliza yeye:

"Unapika nini?"

Nilidhani ni salamu ya biashara. Sivyo. Hakuweza kunipa bei ya "mahindi", kama vile muuza kitambaa asivyoweza kukuuzia "nguo". Zile punje kubwa ni cacahuacintle, na kazi yake ni supu ya pozole: huchemshwa na chokaa, ncha ya kila punje hukatwa kwa mkono, kisha punje hupasuka kwenye mchuzi na kufunuka kama ua. Ule ulaini niliouhukumu ndio sifa yake. Ukitaka tortilla, atakupimia nyingine. Ukitaka tlacoyo, ya buluu. Kule Oaxaca wana bolita kwa ajili ya tlayuda, tortilla pana za huko. Watu wa shingo ya nchi ya Tehuantepec wana zapalote chico, mahindi mafupi yanayostahimili upepo mkali, kwa ajili ya totopo, vitafunwa vikavu vya kuokwa. Wataalamu wa Mexico wanahesabu aina zao za asili karibu 60, na kila moja imebaki hai kwa sababu kuna chungu kinachoitaka. Mpishi akiacha, mbegu inapotea. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba vyumba vile vya baridi vya El Batán, pamoja na thamani yake yote, vinatunza nusu ya kitu.

Nje ya soko, kando ya barabara, alikaa mama mwenye bakuli la donge la buluu. Naomba nimweleze taratibu, kwa sababu mikono yake ndiyo ninayoikumbuka kuliko kitu chochote cha safari ile. Alimega donge la ukubwa wa yai, akalibonyeza katikati kwa kidole gumba, akajaza maharage yaliyopondwa, akafunika. Halafu akaanza kulipigapiga kati ya viganja, kushoto, kulia, akilizungusha kidogo kila mara, mpaka likawa refu lenye ncha mbili. Hakutia mafuta. Alilitandaza juu ya comal, kikaango bapa, na rangi ikabadilika kutoka buluu ya mawingu ya mvua kuwa karibu nyeusi, na harufu ikapanda. Harufu ile sikuwahi kuisikia kwenye mahindi maisha yangu yote: udongo uliolowa, na mahindi ya kuchoma, kwa pamoja. Juu yake akaweka mpungate uliokatwa vipande, kitunguu, jibini na pilipili. Nilikula nimesimama. Nilikuwa nimeshughulika na mahindi tangu chuoni, na siku ile ndiyo niliyoonja.

Siri ya harufu ile ni chokaa. Mahindi huchemshwa kwa maji yaliyotiwa chokaa, huachwa yalale humo usiku kucha, huoshwa mpaka ganda litoke, kisha husagwa yakiwa bado na majimaji. Wao huita nixtamal. Chokaa hulainisha ganda, hufanya donge lishikane, huongeza kalisi, na zaidi ya yote huifungua niasini, vitamini ambayo kwenye hindi la kawaida imefungwa na mwili hauipati. Hii si hadithi ya ladha tu. Mahindi yalipovuka bahari baada ya Columbus, maarifa haya yalibaki. Watu maskini wa Hispania, Italia, na baadaye majimbo ya kusini ya Marekani, waliokula mahindi karibu peke yake, waliugua pelagra: ngozi inachubuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika, kisha kifo. Haya hayako mbali nasi. Mwaka 1990, miongoni mwa wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, watu zaidi ya 17,000 waliugua pelagra baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao na kubaki mahindi.

Kwetu mbegu ilifika. Hata mdudu alifika: dumuzi, anayekula maghala yetu tangu alipoonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, asili yake ni huko huko. Jiko halikufika. Tulijitengenezea letu, na ni jiko la heshima: tuna ugali wa dona, tuna makande, tunatia magadi ili punje zilainike, Wakamba wana muthokoi. Lakini sisi watafiti tumelipuuza hilo letu kama vile wenzetu wa zamani walivyoliacha lile la Mexico.

Safari ya mimea haikuwa ya upande mmoja: huko huko sokoni Mexico tulikunywa juisi mbili, moja ya choya, moja ya ukwaju. Mwenyeji wetu alizileta kama vinywaji vya kwao kabisa. Mimea yote miwili imetoka Afrika. Nilimwambia, akafurahi sana, akatuongezea glasi bila malipo.

Niliporudi nilianza na jambo dogo. Kwenye shamba darasa, kabla ya mzani, tukaomba akina mama wapike kila mbegu: ugali, makande, na mabichi ya kuchoma. Ile iliyoongoza kwa uzito haikupita. Mama mmoja aliuvuruga ugali wake kwa kidole akasema, "Bibi shamba, haya mazito kwenye mzani, lakini ugali ukipoa unakatika. Na ukikoboa, nusu inakwenda na pumba." Punje zilikuwa laini. Kwa cacahuacintle hiyo ni sifa, kwa kinu cha Mbozi ni hasara. Mama yule alisema kwa sentensi mbili kitu ambacho wanasayansi walikilipia kwa miaka: mahindi yenye protini bora yaliyogunduliwa Marekani miaka ya 1960 yalikuwa na punje laini, wakulima wakayakataa, mpaka Evangelina Villegas na Surinder Vasal, wakifanya kazi CIMMYT, walipoyafanya kuwa magumu. Tuzo ya Chakula ya Dunia waliipata mwaka 2000.

Nimebadilika pia kuhusu rangi. Wazee wetu bado wanaukumbuka unga wa Yanga, ule wa njano wa misaada wa miaka ya njaa, na kwa kumbukumbu hiyo mahindi yoyote yasiyo meupe yanaonekana chakula cha dhiki. Leo tunaleta mahindi ya rangi ya chungwa yenye vitamini A, na tunashangaa watu wanapoyaangalia kwa mashaka. Siwahubirii tena vitamini. Ninayachoma kwanza, nawapa wale.

Nyumbani kwangu tunachemsha mahindi kwa chokaa ya chakula pale tunapoipata. Ya kupakia kuta haifai hata kidogo, na nasisitiza hilo popote ninapofundisha. Watoto wanapenda. Mume wangu anataka ugali wake, na anaupata.

Wenzangu wa mbegu, wenye mashamba ya majaribio kuanzia Kitale hadi Songea, nawaomba jambo moja. Msimu huu, kabla hamjajaza fomu, wapelekeeni akina mama wa kijiji debe moja la kila mbegu mnayoipima. Kaeni hapo mpaka masufuria yaipuliwe, kuleni, na andikeni watakayosema kwa maneno yao. Gharama yake ni kuni na siku moja.