Kununua au Kukodi? Michezo ya Watoto na Hukumu ya Mali



Ndugu wasomaji, ikitajwa PlayStation mbele ya wazazi, swali la kwanza huwa ni kama inafaa watoto waicheze au haifai. Swali hilo lina haki yake. Lakini liko jingine, nalo ni la mlango wa biashara: mzazi anapotoa fedha kwa ajili ya mchezo, hupata nini mkononi mwake?

Swali hili nililetewa Laare, ninakosomesha watoto jioni. Kwa wasioujua, Laare ni mji wa soko katika Igembe Kaskazini, Meru, mbele ya Maua, kwenye vilima vya Nyambene. Uhai wake ni miraa, ambayo hukumu yake si maudhui ya leo. Mabunda hufungwa kwa majani ya mgomba, na magari huondoka mbio ili mzigo ufike Nairobi ungali mbichi. Mnunuzi wa huko hufungua jani kwanza, akaangalia alichofungiwa, ndipo atoe fedha.

Mama mmoja mjane alinijia baada ya darasa. Wanawe wawili walikuwa wakishinda hadi usiku kwenye vibanda vya mchezo, na ami yao akaona ni heri wanunuliwe mashine wakae nyumbani. "Sheikh," akasema, "dukani kuna PlayStation 5 za aina mbili. Moja ina tundu la diski, nyingine haina, nayo ni rahisi. Mkubwa ataka ya diski. Mdogo asema diski ni mambo ya kale, siku hizi kila kitu hupakuliwa. Na fedha si yangu, ni waliyoachiwa na baba yao."

Neno hilo la mwisho lilinizuia kujibu papo hapo. Mali ya yatima haichezewi, hata inapotumika kununua mchezo.

Katika fiqhi tuliyosoma, kununua na kukodi ni milango miwili. Aliyenunua humiliki kitu chenyewe: aweza kukiuza, kukiazimisha, kukitoa hiba, na akifa warithi wake hukigawa. Aliyekodi hupata manfaa tu, na ili ijara isimame, muda wake sharti ujulikane. Diski iko katika mlango wa kwanza. Mchezo unaopakuliwa kwa akaunti uko karibu na mlango wa pili, ila muda wake haujulikani. Mteja amelipa bei kamili, lakini alichopewa ni ruhusa ya kutumia, na masharti ya akaunti kwa kawaida hayamruhusu kuiuza wala kumhamishia mtu mwingine.

Hili si la masheikh peke yao. Jimbo la California nchini Marekani lilitunga sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomkataza muuzaji wa bidhaa za dijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni.

Mifano ipo. Nintendo ilifunga maduka ya mtandaoni ya mashine zake za Wii U na 3DS mwezi Machi 2023. Tangu hapo hakuna awezaye kununua mchezo mpya humo. Mwaka huohuo, mkataba wa jina la FIFA ulipokwisha, matoleo ya zamani ya mchezo huo wa mpira, ambao vijana wetu wanaupenda kuliko yote, yaliondolewa katika maduka ya mtandaoni. Diski zake zingali zinapita mkono kwa mkono sokoni.

Kwa mtu wa Laare kuna mambo mawili zaidi. La kwanza ni bando. Mchezo mmoja waweza kuzidi gigabaiti 50, na nyumba isiyo na intaneti ya waya itaulipia mchezo huo mara ya pili kwa data. La pili ni zito zaidi. Nilipowauliza vijana jinsi wanavyofungua akaunti, waliniambia Kenya haimo katika orodha ya nchi, kwa hiyo huandika kwamba wanaishi Marekani au Afrika Kusini. Basi mtoto anaanza safari yake kwa kuandika uongo juu ya makazi yake, na mali yake inawekwa chini ya anwani isiyo ya kweli. Siku akaunti ikifungwa, mama atamdai nani?

Lakini uadilifu unataka tuseme na upande wa pili. Diski hukwaruzika na huibwa, na mingine huhitaji nyongeza za kupakua hata baada ya kununuliwa. Tena si kila diski ni kinga: mchezo wa The Crew, uliotoka mwaka 2014, ulizimwa tarehe 31 Machi 2024 kwa kuwa ulitegemea seva za kampuni, na waliokuwa na diski walibaki na kipande cha plastiki. Mwenye intaneti nzuri, anayejua kwamba analipia ruhusa na ameridhika nayo, hana lawama.

Nilimshauri mama achukue mashine yenye tundu. PlayStation 5 zilipotoka Novemba 2020, ile isiyo na diski ilikuwa rahisi kwa dola 100. Unafuu huo ni wa siku moja, ilhali mashine isiyo na tundu humfungia mtu soko la mitumba, asiweze kununua kilichotumika wala kuuza alichochoka nacho. Mwenye uwezo mdogo, aliyekwisha chagua isiyo na tundu, aangalie toleo: zile nyembamba zilizotoka mwishoni mwa 2023 huweza kuongezwa kisomeo cha diski baadaye, zile za kwanza haziwezi.

Nikawapa wanawe kazi. Wafungue daftari, waandike kila diski, bei yake, na nani kaiazima. Wakubaliane mapema kwamba kila diski ni ya wote wawili kwa nusu. Ndugu wengi hawajagombana kwa kukosa mali. Wamegombana kwa kutoiandika.

Nanyi akina mama, msiogope kuuliza maswali matatu kabla ya kulipa. Je, mwanangu akiuchoka mchezo huu, naweza kuuuza? Je, utachezeka bila intaneti? Je, jina na nchi vilivyoandikwa kwenye akaunti ni vya kweli? Majibu yakiwa hapana, hapana, hapana, jueni kwamba mmekodi kwa bei ya kununua, nanyi hamkuambiwa mwisho wa mwezi.

Wallahu a'lam.