Lipu ya Kununua

Sebule za Wakongomani wa Brussels zimeanza kupauka. Zamani, ukipanda ngazi za nyumba yoyote karibu na Matonge, kule Ixelles, ulipokewa na makochi ya ngozi, maua ya plastiki na picha ya harusi katika fremu ya dhahabu. Watoto waliozaliwa huku wameviondoa vyote hivyo, na sisi wazazi tumewafuata kimyakimya. Sasa ni mapazia ya kitani, mbao zisizong'aa, na juu ya kochi mchoro mmoja mkubwa usio na mtu wala mti: rangi ya mchanga, rangi ya mfupa, rangi ya chai iliyozidi maziwa, na mabonge ya lipu yaliyotandazwa kwa mwiko yakaachwa na mikwaruzo yake.

Nami ninao wangu, na naupenda. Majira ya baridi mwanga wa Brussels huingia dirishani umelala, kila mkwaruzo ukatupa kivuli chake, na ikifika saa tisa alasiri mchoro si ule wa asubuhi. Rangi zikishanyamaza, kazi yote inabaki kwa mwanga wa ubavuni. Utundike mkabala na dirisha, umeuua. Utafanana na kipande cha ubao.

Mama mdogo, aliyeko Kindu, kwetu Maniema kule Kongo, aliuona kwenye simu tulipokuwa tukizungumza. "Mwanangu, hiyo ukuta habayamaliza krepisaji?" Nikamweleza kuwa si lipu isiyokwisha, ni picha, tena ya kununua. Akauliza bei. Nikamuuliza habari za shamba.

Ana haki ya kushangaa. Kindu, ukuta wenye mikwaruzo ni wa mtu ambaye bado hajajaliwa. Nyumba huanza kwa fito na udongo, alama za vidole vya waliokandika zikionekana wazi. Pesa zikipatikana yanakuja matofali ya kuchoma, baada ya miaka lipu ya saruji, na mwisho kabisa rangi ya mafuta inayong'aa. Saruji yenyewe ina safari zake: reli inayotoka Lubumbashi na Kalemie inakomea Kindu, treni hufika siku inayojaliwa, na gharama ya kungoja hujumlishwa kwenye bei ya mfuko. Hata hivyo fundi hasahau kupaka sehemu ya chini ya ukuta, hadi usawa wa kiuno, rangi nzito ya kahawia, maana mvua ikiupiga uwanja tope jekundu huruka. Ukiona sebule laini yenye mstari ulionyooka kati ya rangi mbili, jua kuna mtu aliyeweka akiba miaka mingi. Kile ninachokilipia Ixelles ndicho wanachotolea jasho kukifunika kule.

Nawafikiria wachoraji wawili ambao hawakukutana. Alberto Burri alikuwa daktari wa jeshi la Italia, akatekwa Tunisia mwaka 1943, akapelekwa kambi ya Hereford, Texas, na huko ndiko alikoanza kuchora. Miaka ya 1950 alikuwa akiunganisha vipande vya magunia yaliyochakaa na kuviacha vionekane, matundu na yote. Miongo miwili baadaye Tshibumba Kanda Matulu, kule Lubumbashi, alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, lakini mfuko akaufunika wote: Lumumba, askari, minyororo. Picha zake 101 za historia ya Zaire alizieleza kwa Kiswahili mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Sijapata kumwona mpagazi wa stesheni ya Kindu akitundika gunia ukutani kwake. Halafu picha za akina Tshibumba zilikuwa na kazi sebuleni. Mgeni akikaa anauliza, huyu anayepigwa fimbo ni nani, na mazungumzo yameanza. Mbele ya mchoro wangu wageni husema "ni mzuri", wakarudi kwenye simu zao.

Kuna wanaoniambia kwamba rangi hizi za kupauka ni za Wazungu. Hapo nakataa. Walega wa Pangi, mashariki ya Kindu, walichonga barakoa ndogo za lukwakongo: mbao, ndevu za nyuzi, uso uliopakwa udongo mweupe, macho yasiyozidi mpasuo. Lakini hazikuwa pambo la nyumba. Zilitolewa watu wa Bwami, chama chao cha mafunzo, walipokusanyika kufundishana. Zikafungwa kwenye uzio, zikaburutwa kwa ndevu, na kila tendo likawa na methali yake. Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kwao miaka ya 1950, aliyaandika hayo kwa kirefu. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilikuwa imekwisha kuipiga marufuku Bwami. Vitu vingi vya Walega leo viko nyuma ya vioo vya makumbusho. Nikipanda tramu ya 44 hadi makumbusho ya Tervuren kutazama kazi za kwetu, nakuta ukimya na rangi zile zile za sebule yangu, na sijui nifurahi au nikasirike.

Mwaka huu tunamalizia nyumba ya familia huko Kasuku, mtaa wa Kindu. Mdogo wangu alipendekeza tupeleke mchoro kama wangu. Nimekataa. Lipu ya jasi katika unyevu wa Maniema itaota ukungu, vumbi jekundu litalala kwenye kila mkwaruzo, na ule mwanga uliolala hauko: mchana jua liko utosini na madirisha yamefungwa kuzuia joto. Nimetuma pesa za rangi ya mafuta, na nyingine za mchoraji wa mtaani atuchoree mitumbwi ikivuka mto Lualaba kutoka Alunguli, ng'ambo ya pili. Mama mdogo ameridhika, ila ametoa sharti: mtumbwi mmoja lazima uwe na injini, wageni wasije wakadhani tunapiga makasia.