Basi Lisilo na Konda

Mabasi ya London yaliacha kupokea fedha taslimu mwaka 2014. Unagusisha kadi, mashine inalia, unakaa. Hakuna konda wa kukuuliza unashukia wapi. Kwa wiki tatu nilipanda hivyo kwenda kumwona shangazi hospitalini, bila kusema neno na mtu. Kituo kikikaribia nabonyeza kitufe. Kengele inasema kwa niaba yangu.

Dar nilichoshwa na daladala: kelele, kubanwa, kusukumwa. Lakini kule ukilia garini utaulizwa, "Dada, kuna nini?"

Siku shangazi alipofariki nililia kutoka hospitali hadi kituo cha mwisho. Abiria wote walinistahi kwa kunyamaza. Nilitamani mmoja tu aulize.