Kutoka Makorora kwa Miguu

Tulitoka Makorora asubuhi, tukapita Ngamiani penye soko, ambako barabara nyingi zina namba badala ya majina. Mgeni ajuaye kuhesabu hapotei. Hata tukafika penye reli, iliyoanza kujengwa mwaka 1893 na kufika Moshi 1911. Hapo tulikawia. Kwa reli hiyo Wadachi walileta askari wao mbio, Novemba 1914, Waingereza walipotia nanga na jeshi lipatalo watu 8,000, wengi wao Wahindi. Walipigana sana tarehe 4, na nyuki nao wakawauma. Kesho yake Waingereza wakarudi merikebuni. Vita vilikuwa vya wafalme wa Ulaya; waliozikwa wengi ni Wahindi na Waafrika. Tukavuka kimya, nyuma ya mama mmoja mwenye kapu la machungwa.