Niulize Milisekunde, Usiniulize Baiti

Wanachuo wenzangu wa hosteli hamhitaji mhadhara kuhusu bafa. Mnalo simtanki. Maji ya bomba yanakuja kwa kudra, sisi tunaoga kila siku. Tangi ndilo linaloziba hilo pengo. Bafa ya kompyuta ni hivyo hivyo: sehemu ya kumbukumbu inayoshikilia data kati ya anayeleta na anayepokea, ili mmoja akichelewa mwingine asikwame. Ila tangi likiwa kubwa, maji unayooga leo ni ya juzi.

Mimi nasoma ualimu, somo langu la kufundishia ni kompyuta, na haya yangebaki daftarini kama si rafiki yangu wa darasani asiyeona. Yeye hutumia kisoma skrini: akibonyeza herufi, mashine inamtamkia. Muhula uliopita sauti ilikuwa inakwaruza kwenye maabara moja tunayotumia. Watu wakalalamika, fundi akapandisha bafa ya sauti kutoka 1024 hadi 8192. Mikwaruzo ikaisha, wote tukafurahi isipokuwa mmoja.

"Ticha," akaniambia, "hii mashine inanijibu kama mtu aliye ng'ambo ya mto."

Piga hesabu. Sauti inakwenda sampuli 48,000 kwa sekunde, kwa hiyo 1024 ni kama milisekunde 21, na 8192 ni kama 171. Kwa anayesikiliza muziki hapo hakuna kitu. Kwa anayeandika kwa kusikia, kila herufi inatamkwa kidole kimeshahama, na jaribio la saa moja halimsubiri.

Fundi simlaumu. Kiolesura kilimpa namba tupu. Hakikumwambia kwamba akipandisha hapa, utulivu unalipiwa kwa kuchelewa. Kwenye ualimu tunafundishwa kuuliza swali ambalo mwanafunzi ana njia ya kulijibu. Sasa nani anajua sampuli ngapi zinamtosha? Niulize nitavumilia kuchelewa kwa milisekunde ngapi, hilo nitajibu. Kuzidisha ifanye mashine, ndiyo kazi yake. Watu wa mitandao walishafika huko: mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, ambayo haijali foleni ina baiti ngapi. Inaangalia pakiti imekaa humo muda gani, lengo likiwa milisekunde 5.

Halafu kuna suala la kusema kweli. Linux hapa inanichekesha, maana ndani ya mfumo endeshi mmoja kuna tabia mbili. Programu ikiomba kupanua bomba linaloiunganisha na nyingine, tuseme liwe la baiti 100,000, kerneli inaongeza mpaka kipimo kinachoifaa na kujibu wazi: nimekupa 131,072. Ukipita kikomo bila ruhusa, inakukatalia usoni. Haya, nenda kwenye soketi ya mtandao. Omba baiti 1,000,000 mahali ambapo kikomo ni 212,992: unaambiwa sawa. Uliza umepata ngapi: 425,984. Yaani imelikata ombi kimyakimya hadi kwenye kikomo, kisha ikazidisha mara mbili ili ipate nafasi ya kumbukumbu zake za ndani. Sababu ipo, imeandikwa kwenye mwongozo, lakini mwongozo nani anausoma saa nane usiku? Kwangu mimi bomba lina adabu kuliko soketi.

Linalonisumbua bado ni kwamba kwenye maabara ile mpangilio ni mmoja kwa mashine nzima. Mwenye muziki na mwenye kisoma skrini wanakalia kiti kile kile kwa zamu, na hakuna mahali pa kusema "huyu akiingia, punguza." Tukaenda kwa fundi, akatuelewa haraka kuliko nilivyotegemea. Mashine mbili za karibu na mlango amezirudisha 1024, na ili watu wasizichezee amebandika karatasi juu ya kila skrini kwa selotepu: USIBADILISHE SAUTI, INA MWENYEWE.

Mwenyewe hawezi kuisoma. Kila siku anauliza aliye jirani kama bado ipo.