Posho ya Mama

Isaac Rosenberg hakuingia jeshi la Uingereza kwa kupenda bendera. Kwenye barua zake alisema wazi: hakuwa na kazi, na alikuwa amesikia kwamba mwanajeshi akikatwa kwenye mshahara, mamake atapata posho. Basi. Oktoba 1915 akaenda kujiandikisha bila kusema nyumbani, maana wazazi wake hawakutaka kusikia habari ya vita.

Mimi niliacha chuo kwa kukosa karo, na siku hizi ninaandika vitu vya kulipwa kwa neno. Sababu kama hiyo sihitaji kuelezwa. Usajili wa makurutu ukitangazwa huku kwetu, uwanja hujaa vijana waliovua mashati, vyeti kwenye bahasha, wakingoja kuhesabiwa meno. Muulize mmoja kuhusu nchi. Atakuambia kuhusu mathe.

Wazazi wa Isaac walikuwa Wayahudi wa asili ya Lithuania waliohamia Uingereza. Yeye alizaliwa Bristol mwaka 1890, akakulia mashariki mwa London kwenye mitaa ya wahamiaji, nyumbani wakiongea Kiyidi. Akiwa na miaka 14 akatolewa shule, akapelekwa kwa fundi kujifunza kuchonga picha za kuchapisha. Aliichukia kazi hiyo. Baadaye akina mama Wayahudi wenye pesa wakamlipia karo ya chuo cha sanaa cha Slade. Akatoka huko anajua kuchora, na ana vijitabu vya mashairi alivyojichapishia ambavyo karibu hakuna aliyevitaka. Hiyo biashara naijua, bana.

Jeshini akawekwa kwenye kikosi cha watu wafupi. Ndiyo, vilikuwepo, viliitwa Bantam, kama wale kuku wadogo. Huko akasumbuliwa kwa sababu ya Uyahudi wake, na alipopewa nafasi ya kupanda cheo akaikataa. Kwenye mahandaki ya Ufaransa aliandika kwa penseli kwenye vipande vya karatasi, akavituma London, dadake Annie akavipiga taipu. Shairi lake linalojulikana zaidi, “Break of Day in the Trenches”, lilitoka Desemba 1916 katika jarida la Poetry la Chicago. Ndani yake kuna panya anayegusa mkono wa Mwingereza, kisha anavuka zake kwa Mjerumani, na hakuna anayemuuliza kitambulisho. Kwangu mimi huyo panya anasema zaidi ya mashujaa wote wa sanamu.

Tarehe 28 Machi 1918 aliandika barua yenye shairi jipya. Tarehe 1 Aprili akauawa karibu na Arras. Alikuwa na miaka 27. Jiwe lake la kaburi linasema amezikwa karibu na hapo, kwa vile mwili wake haukutenganishwa na ya wenzake. Pia limeandikwa: msanii na mshairi.